Juma Moja la Kuwazuru Jamaa, Taita na Rabai

Mtu aliyeajiriwa mjini akipata ruhusa ya juma moja hudhani kwamba siku hizo ni zake. Kumbe jamaa zake wamekwisha kuzigawanya kabla yeye hajafunga sanduku. Ndivyo ilivyomtokea karani mmoja kijana wa Nairobi, ambaye kwao ni Wundanyi katika milima ya Taita, na mkewe, ambaye kwao ni Rabai, si mbali na Mombasa. Wana watoto wawili, msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka minne, na kwa muda wa miaka mitatu watoto hao hawakuwa wamelala hata usiku mmoja katika nyumba ya mzee yeyote wa ukoo.

Mpango waliouandika ulikuwa wa haki: Taita tangu Jumamosi mpaka Jumanne, na siku ya Jumatatu kwenda kuwatazama tembo, kisha Rabai kuanzia Jumatano. Walisafiri kwa gari la moshi la Madaraka, lililoanza kazi mwaka 2017, ambalo hupita katikati ya mbuga ya Tsavo. Hapo msichana aliwaona tembo waliopakaa vumbi jekundu la nchi ile. Mvulana alikuwa amelala, na manung'uniko yake yalisikika hadi Voi, na kutoka Voi hadi Wundanyi.

Jumapili, baada ya kanisa, walizuru nyumba sita. Katika kila nyumba iliwapasa kula, kwa maana kukataa kimanga cha shangazi, hali umekwisha kula cha mke wa baba mdogo, ni kujitafutia lawama. Lililowatia haya zaidi ni lugha. Bibi yake karani, mzee sana ambaye ndiye aliyemlea, aliwasemesha vitukuu vyake kwa Kidawida, nao wakamtazama tu. Bibi aliwageukia wazazi wao, asiseme neno.

Jumatatu alfajiri, gari la kwenda mbugani likiwa limekwisha kukodiwa na nusu ya fedha kulipwa, Bibi aligonga mlango kwa fimbo yake. "Mjukuu wangu," alisema, "leo magoti yangu yamekubali kutembea. Kesho sijui. Twende nikuonyeshe mipaka ya baba yako."

Karani alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama mvulana, ambaye alikwisha kuvaa viatu. "Nenda na Bibi," alisema. "Tembo watangoja." Mwenye gari hakurudisha fedha.

Wataita wa zamani hawakupenda kulima mahali pamoja tu. Mtu alikuwa na kipande juu penye baridi na mvua, kingine bondeni penye maji, na kingine chini uwandani, ili mvua ikikosa huku apate chakula kule. Ni busara nzuri, lakini humtaabisha mrithi, kwa kuwa mipaka yake ni mingi na wanaoijua wanapungua kila mwaka. Shamba la juu walilizunguka kwa miguu. La uwandani lilikuwa mbali, na Bibi alipanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani mwake, ameshika fimbo mbele yake kama mkuki.

Shida ilikuwa bondeni. Migomba ya baba mdogo ilikuwa imevuka jiwe la mpaka kwa hatua tisa. Bibi alilipiga jiwe lile kwa fimbo mpaka mwanawe akatoka nyumbani.

"Mama," alisema, "migomba hii niliipanda marehemu akiwa hai, naye hakunena neno."

"Hakunena kwa kuwa wewe ni ndugu yake," Bibi alijibu. "Lakini jiwe halikuhama."

Baada ya maneno mengi, mengine yasiyofaa kuandikwa, ilikubaliwa kwamba baba mdogo atavuna mikungu iliyopo, kisha aing'oe migomba. Karani aliyaandika hayo katika daftari, wote wakatia sahihi, na Bibi akatia dole gumba.

Jumanne alikwenda kwa chifu. Hati za mashamba zilikuwa bado katika jina la marehemu, na sheria ya urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimruhusu mtu kuuza wala kugawanya mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa kibali. Mahakama nayo hutaka barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Karani alikuwa ameandika jina lake peke yake. Chifu aliisoma karatasi akamwuliza, "Dada zako wawili wamekufa?" Karani aliona haya. Basi ilimlazimu kuwapigia simu dada zake waje na vitambulisho, na Jumatano yote ikaisha katika kuwangoja.

Kwa hiyo walifika Rabai Alhamisi, kwa basi hadi Mazeras na matatu kutoka hapo. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann aliifuata njia hiyo kwa miguu, kutoka Rabai kupitia Taita, hata akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wao walitumia nusu ya siku, na bado walichelewa. Wali wa nazi na samaki wa Jumatano waliliwa na majirani. Mama mkwe aliwaamkia watoto kwanza, binti yake wa pili, na mkwe wake mwisho kabisa.

Baba mkwe, ambaye ana mabinti wanne, alisikiliza habari ya mashamba mpaka mwisho. "Je, majina ya dada zako yameandikwa?" aliuliza.

"Yameandikwa, Baba."

"Basi mleteeni dafu."

Ijumaa mzee huyo aliwapeleka wajukuu kuona jumba la makumbusho ya Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kazi ya misheni Rabai mwaka 1846. Jumamosi ilikuwa ya Mombasa, Ngome ya Yesu na bahari; mvulana aliyanywa maji ya chumvi ili ahakikishe.

Walipoagana, mama mkwe alimwambia karani kwamba anamdai usiku mmoja, nao utalipwa Desemba pamoja na faida yake. Katika gari la moshi mvulana alikataa kuketi. Tangu Mariakani alisimama dirishani, pua imeganda kiooni, wala hakukubali hata kipande cha muhogo. Walipokwisha kupita Voi akawaona watatu, mmoja mdogo.