Sauti na Sarufi za Lugha Jirani: Kibukusu na Kisabaoti Katika Eneo la Matisi

Katika Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale, na pia upande wa Bungoma, lugha mbili zisizo na nasaba moja zimeishi pamoja kwa muda mrefu. Kibukusu ni cha jamii ya Kibantu. Kisabaoti, chenye lahaja za Kikony, Kibok na Kibong'om, ni tawi la Kikalenjin katika Kiniloti cha Kusini.

Kinachostaajabisha ni kwamba katika konsonanti vipasuo lugha hizi hufanana. Kibukusu hakina /b/, /d/, /g/ zinazosimama peke yake kama fonimu. Mghuno hutokea baada ya nazali, kama katika omundu (mtu). Ile b ya babandu (watu) hutamkwa kwa kukwaruza midomo. Katika Kikalenjin nako mghuno hauna kazi ya kutofautisha maneno, bali k huelekea kughunika inapokuwa kati ya irabu: Kinandi, ndugu wa Kisabaoti, kina lakwet (mtoto) lakini lagok (watoto). Basi mwalimu wa Kiswahili aonapo kari mahali pa gari, au paga mahali pa paka, asidhani kosa ni moja. La kwanza hutokana na kukosekana kwa sauti hiyo mahali hapo. La pili hutokana na kanuni ya mazingira. Dawa zake haziwezi kuwa sawa.

Ufanano unaishia hapo. Kibukusu kina irabu tano, fupi na ndefu. Kikalenjin huzigawa irabu tano katika makundi mawili, kwa kadiri shina la ulimi linavyosogezwa mbele au kurudishwa nyuma. Alama tano za Kirumi zinamtosha Mbukusu (iwapo urefu utaonyeshwa), na kumpunja Msabaoti.

Katika sarufi, Kibukusu husimama juu ya ngeli: omundu omulayi, babandu babalayi, viambishi vyake vyaonekana kama vimerudufiwa, kama katika kumusala, kimisala (mti, miti). Mnyambuliko wa kutendea nao una mvuto wa pekee. Lima huzaa limila, tekha (pika) huzaa tekhela, lakini reeba (uliza) huzaa reebera: r ya mzizi huivuta l ya kiambishi. Kiswahili kimeidondosha l hiyo, nayo hujitokeza tu katika maneno kama nunulia.

Kikalenjin huonyesha idadi kwa viambishi tamati, na kitenzi hutangulia katika sentensi. Kiima na yambwa vikiwa vyote nyuma ya kitenzi, toni ndiyo inayokitambulisha kiima. Katika Kibukusu toni huhudumia zaidi nyakati za vitenzi. Kithai, chenye toni tano, huzitumia kutenganisha maneno yenyewe, na Kimalei, jirani yake, hakina toni kabisa. Toni, kwa hiyo, ni jina moja la kazi nyingi.

Hata hivyo, maandishi ya kawaida ya Kikalenjin hayaandiki toni, na msomaji huachiwa kukisia ni nani aliyetenda na nani aliyetendwa. Kivietinamu kilipoandikwa kwa herufi za Kirumi, toni zilipewa alama. Kamusi ya Alexandre de Rhodes, iliyochapishwa Roma mwaka 1651, tayari inazo. Alama kama hizo huongeza mzigo wa uandishi, lakini pale ambapo mpangilio wa maneno hautoi msaada, ni afadhali kuziweka juu ya kiima peke yake kuliko kuziacha zote.