Bakteria anayezipotosha seli za tumbo

Ni nadra wiki kupita bila kumsikia jamaa au jirani akilalamikia vidonda vya tumbo. Mmoja hulaumu pilipili, mwingine mawazo, na wengi huishia duka la dawa kununua vidonge vya kutuliza asidi, wakavimeza mwaka mzima. Maumivu hupungua, lakini aliyeyaleta mara nyingi bado yumo.

Huyo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Zamani matabibu waliamini kuwa hakuna kijidudu kiwezacho kudumu katika asidi ya tumbo. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kimiminika chenye bakteria hao, na siku chache baadaye akapatwa na uvimbe wa ukuta wa tumbo. Yeye na mwenzake Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla ya hapo, mwaka 1994, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikwisha kumweka bakteria huyu katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani.

Vipi kijidudu kilete saratani? Seli za mwili huishi kama majirani wa mtaa mmoja, zikipelekeana ujumbe kwa kemikali: ongezeka, kuna jeraha la kuzibwa; tulia, nafasi imejaa. Zimeshikamana kwa protini mithili ya gundi, na mshikamano huo wenyewe ni ujumbe. Baadhi ya bakteria hawa wana kifaa mfano wa sindano, ambacho kwacho huingiza ndani ya seli protini iitwayo CagA. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kuwa protini hiyo hujishikiza kwenye kimeng'enya SHP-2, mpitishaji wa amri za ukuaji. Seli hudhani imeamrishwa na jirani, kumbe amri imetoka kwa mvamizi! Gundi nayo hulegea.

Seli iliyoshambuliwa hupiga mayowe kwa kemikali, ikiziita chembe nyeupe za damu. Hizo hufika na silaha kali, na kwa kuwa adui hatoki, huendelea miaka na miaka kuwaunguza wenyeji na kuharibu vinasaba vyao. Ukuta wa tumbo hukonda, seli zake huchukua sura ya seli za utumbo, na mwishowe, kwa wachache, huzuka saratani. Ikishakomaa, hutuma ujumbe wake yenyewe wa kuvuta mishipa mipya ya damu ije kuilisha.

Nimesema kwa wachache makusudi, ili pasiwe na taharuki. Imekadiriwa kuwa karibu nusu ya watu duniani wanaishi na bakteria huyu, na walio wengi hawapati saratani. Aina ya bakteria, urithi, sigara na chumvi nyingi, vyote vina sehemu yake. Hata hivyo, katika visiwa vya Matsu, Taiwan, ambako wakazi walianza kupimwa na kutibiwa kwa pamoja mwaka 2004, saratani mpya za tumbo zilipungua kwa takriban nusu.

Maambukizi huanza utotoni, aghalabu ndani ya familia, kwa mate, matapishi, au maji na chakula kilichochafuliwa. Desturi ya kumtafunia mtoto chakula, pamoja na mapenzi yote yaliyomo, ni afadhali tuiache.

Kipimo ni cha kinyesi au pumzi. Anayekonda bila sababu, kutapika damu au kupata choo cheusi asingoje. Huyo huhitaji kamera ya tumboni. Tiba ni antibaiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Wengine huacha kabla ya kumaliza kwa kichefuchefu, na bakteria wanaosalia huweza kuwa sugu. Kipimo cha kuhakikisha hufanywa angalau wiki nne baada ya antibaiotiki kwisha, na dawa kama omeprazole iwe imeachwa wiki mbili kabla, kwa maelekezo ya daktari; vinginevyo majibu yanaweza kusema hayupo ilhali yupo.