Ni nani hasa anayekula sukuma wiki yako?

Ukila ugali na sukuma wiki mchana huu, usidhani kwamba kila kilichomo sahanini ni chako. Kuta zinazozunguka seli za mboga zimejengwa kwa sukari zilizofungamana kama seng'enge, na mwili wako hauna vimeng'enya vya kuzikata. Tumbo hushindwa, utumbo mwembamba nao hushindwa, na makapi hayo huteremka hadi utumbo mpana.

Humo ndimo wanamoishi wenye zana. Bakteria mmoja, Bacteroides thetaiotaomicron (jina refu kumshinda mwenyewe!), ana zaidi ya vimeng'enya 200 vya kuvunja sukari. Mnamo 2017, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walieleza anavyobomoa sukari iliyo tata kuliko zote zijulikanazo katika kuta hizo. Imeundwa kwa sukari ndogo za aina 13, zilizofungwa kwa mafundo ya aina 21. Bakteria huyo hufungua 20! Kila kimeng'enya kina fundo lake, na ni lazima kingoje zamu: la nje lisipofunguliwa, la ndani halifikiki.

Unafaidikaje? Yeye na wenzake huchachusha sukari hizo na kutoa asidi. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zilizotanda ndani ya utumbo mpana. Gesi inayokuaibisha kwenye matatu baada ya kula githeri hutoka katika kiwanda hicho hicho.

Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyoenea kwao Uingereza, ilikuwa nadra huku. Alishuku kwamba siri ilikuwa katika makapi ya vyakula vyetu. Kisha, katika utafiti uliochapishwa 2015, Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Butireti iliongezeka kwa Wamarekani waliopewa vyakula vyenye makapi mengi. Kwa wanakijiji waliolishwa nyama na mafuta, ilipungua. Wiki mbili tu!

Kwa hivyo, mzazi unayewanunulia watoto chipsi kila jioni, jua unawanyima bakteria hao riziki. Wape ndengu, maharagwe, mapera, viazi vitamu, na ugali wa unga usiokobolewa. Lakini anza kidogo kidogo, na maji yawe mengi, la sivyo nyumba nzima italalamika kuvimbiwa.