Milango ya Ghala la Msimbo

Programu zinazoendesha shughuli za dunia ya leo hazitungwi na mtu mmoja chumbani mwake. Hutungwa na mamia, pengine maelfu, ya watu waliotawanyika katika nchi mbalimbali, ambao aghalabu hawajapata kuonana uso kwa uso, na kila mmoja wao huandika sehemu yake ya msimbo na kuipeleka katika ghala la pamoja lililowekwa katika seva, ambako kazi zote huunganishwa na historia ya kila badiliko huhifadhiwa. Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hiyo ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watunzi wa Linux. Yeyote awezaye kuingiza mstari mmoja katika ghala la namna hiyo ameshika amana ya watu wasiohesabika, watakaoitumia programu pasipo kulijua jina lake. Kwa hiyo msimamizi, kabla ya kulifungua ghala, hana budi kuamua atawatambuaje wale watakaobisha hodi.

Tarehe 28 Machi 2021 watunzi wa PHP, lugha ya programu ambayo WordPress na sehemu kubwa ya tovuti za ulimwengu, za Afrika Mashariki zikiwamo, zimejengwa juu yake, walikuta katika ghala lao mabadiliko mawili wasiyoyatarajia. La kwanza lilibeba jina la Rasmus Lerdorf, mwasisi wa lugha hiyo. La pili lilibeba jina la Nikita Popov, mmoja wa watunzi wake wakuu. Na yalijidai kuwa ni masahihisho madogo ya tahajia. Ndani yake ulifichwa msimbo ambao, kama ungalifika katika toleo rasmi, ungalimwezesha adui kuiamrisha seva yoyote yenye toleo hilo ifanye atakalo. Desturi njema ya watunzi wale ya kukaguana kazi iliufichua uovu huo baada ya saa chache, kabla haujawafikia watumiaji.

Msomaji atauliza jina la mwasisi liliwezaje kutwaliwa kwa wepesi kiasi hicho. Ni kwa kuwa Git yenyewe haimhakiki mwandishi: jina na anwani ya baruapepe vinavyoonekana juu ya kila badiliko ni vile alivyovijaza mtu katika kompyuta yake, na hakuna kinachomzuia kujaza vya mwingine. Ithibati haimo katika jina hilo; imo mlangoni, pale seva inapomtaka mtu athibitishe kuwa ndiye.

Na mlangoni ndiko kulikokuwa na taksiri. Popov alieleza siku chache baadaye kwamba ghala lile, lililokuwa katika seva ya PHP wenyewe, lilikuwa na njia mbili za kuingizia kazi: moja ya SSH, na nyingine ya HTTPS ambayo iliwekwa kwa makusudi, lakini ambayo yeye, pamoja na ukuu wake katika kazi ile, hakuwa na habari nayo. SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake, huweza kumtambua mtu kwa jozi ya funguo: ufunguo wa siri hautoki kamwe katika kompyuta ya mwenyewe, ilhali ule wa hadhara hukabidhiwa seva, nayo seva hutaka sahihi ambayo mwenye ufunguo wa siri peke yake ndiye awezaye kuitia. Hata daftari zima la funguo za hadhara likiibwa, mwizi hapati humo kitu cha kuingilia. Njia ya HTTPS, kinyume chake, iliridhika na jina la mtumiaji na nywila, na nywila hizo zilihifadhiwa kwa mtindo wa kale wa MD5, ambao kompyuta za siku hizi huuvunja bila taabu kubwa. Kumbukumbu za seva zilionyesha kuwa mvamizi alibahatisha majina machache, na alipolipata lililo sahihi akaingia papo hapo, hata wasimamizi wakashuku kuwa daftari la nywila lilikuwa limevuja.

Nimelikalia sana jambo hili kwa sababu naliona ndilo kiini cha maandalizi yote. Wengi huanza kwa kuuliza ni programu gani ya kuthibitisha watumiaji iliyo bora, ilhali kazi ya kwanza ni kuketi na kuorodhesha kila njia iwezayo kufika ghalani: ya SSH, ya HTTPS, ya ukurasa wa wavuti, ya mitambo inayojenga programu yenyewe usiku na mchana, na ile iliyowekwa zamani na mtu ambaye sasa hayupo. Njia isiyokuwa na haja ifungwe. GitHub, iliyo kubwa kuliko maghala yote ya aina hii, ilikataa nywila za kawaida kwa kazi za Git tangu tarehe 13 Agosti 2021, na PHP, walipohamia huko baada ya mkasa wao, waliwataka wanachama wote wawe na uthibitisho wa hatua mbili, mathalani tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30. Mahali ambapo nywila haziepukiki, zihifadhiwe kwa njia ya polepole kama bcrypt, ili kila jaribio limgharimu mwizi.

Kumtambua mtu, hata hivyo, si kumruhusu kila kitu. Mwenye haki ya kusoma asipewe ya kuandika bila sababu, na anayeacha kazi afutiwe ruhusa siku ile ile, funguo zake na za mitambo aliyoisimamia zikiwamo.

Lililobaki ni nani atakayemdhamini mgeni. Agosti 2011 iligunduliwa kuwa seva za kernel.org, makao ya msimbo wa kiini cha Linux, zimeingiliwa, yamkini kwa kutumia utambulisho wa mtumiaji mmoja. Watumiaji 448 wakahitajiwa kubadilisha nywila na funguo zao, na huduma ikafungwa kwa majuma kadhaa. Ilipofunguliwa tena, mtunzi aliyetaka kurejeshewa nafasi yake alitakiwa kuleta ufunguo wa PGP uliotiwa sahihi na wenzake wanaomjua, naye hakupewa tena uwezo wa kuingia ndani ya seva na kutoa amri, bali wa kupeleka kazi yake ghalani tu.