Afya ya Mama (3): Mfuko wa Uzazi Wenye Umbo Tofauti

Katika makala mbili zilizopita tulizungumzia uvimbe wa kizazi na makovu ya upasuaji. Leo tunaitazama kasoro ambayo mwanamke huzaliwa nayo, akavunja ungo, akaolewa, na pengine akazaa bila kuijua: mfuko wa uzazi wenye umbo lisilo la kawaida.

Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mfuko wake wa uzazi hutokana na mirija miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto. Mirija hiyo husogeleana na kuungana, kisha ukuta uliobaki katikati huyeyuka, kikapatikana chumba kimoja. Isipoungana kabisa, huwa mifuko miwili, kila mmoja na mlango wake. Ikiungana sehemu ya chini tu, mfuko huwa na pembe mbili. Ukuta usipoyeyuka, mfuko kwa nje ni mmoja lakini ndani una vyumba viwili. Na mrija mmoja usipokua, hubaki nusu ya mfuko, pengine na kipembe kidogo ubavuni.

Inakadiriwa kuwa wanawake wapatao 5 kati ya 100 wana kasoro ya aina hii, na wengi wao hujifungua salama. Madhara hutegemea umbo. Mfuko wenye ukuta katikati ndio unaohusishwa zaidi na mimba kuharibika. Nusu ya mfuko au mfuko wa pembe mbili humnyima mtoto nafasi: huenda akazaliwa njiti, akakua kwa shida, au akashindwa kugeuka, akatanguliza matako. Hatari kubwa kuliko zote ni mimba kutunga katika kile kipembe kidogo. Mara nyingi hupasuka kabla ya mwezi wa saba, na mama huvuja damu nyingi ndani ya tumbo, ilhali huenda nje isionekane hata tone.

Wakati wa uchungu, mtoto aliyelala vibaya au ukuta ulioshuka hadi ukeni unaweza kuzuia njia. Kondo la nyuma nalo huweza kukwama katika pembe. Kwa sababu hiyo baadhi ya akina mama hawa huhitaji upasuaji. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ni hatari kwa mjamzito yeyote. Kwa mwenye njia iliyozibwa zinaweza kuupasua mfuko.

Dalili za kutiliwa shaka ni mimba kuharibika mara kwa mara, kujifungua njiti zaidi ya mara moja, mtoto kutanguliza matako kila ujauzito, na maumivu makali ya hedhi tangu usichana. Aliyezaliwa na figo moja naye apimwe, kwani figo na mfuko wa uzazi hujengeka wakati mmoja. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha mengi, hasa kabla ya mimba au katika miezi yake ya mwanzo. Tumbo likishakuwa kubwa, umbo la mfuko ni vigumu kuonekana.

Je, ukuta wa katikati ya mfuko ukatwe? Madaktari wamekuwa wakiukata kwa miaka mingi, lakini utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2021 haukuona kuwa waliokatwa walipata watoto wengi zaidi. Uamuzi huo mama aufanye na daktari wake, bila pupa.

Kwetu mimba zikitoka mfululizo, lawama humwangukia mwanamke: ana chango, amelogwa, au alitoa mimba usichanani. Waume na mama wakwe, kasoro hii hakuitafuta mtu. Mpelekeni hospitali apimwe. Naye mama akishaambiwa umbo la mfuko wake, ahakikishe limeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na ajifungulie penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa.