Ndovu amekula mahindi, nani analipa?

1/ Kila kampeni, huku mpakani mwa Kisii na Narok utasikia: "Mkinichagua, kila shamba lililoharibiwa na wanyama litalipwa." Watu wanapiga makofi. Kabla hujapiga yako, soma huu uzi.

2/ Kisii na Nyamira hatuna mbuga. Lakini Transmara iko hapo tu, na kuna watu wetu wanaokodi mashamba huko. Ndovu huingia usiku, hasa mahindi yakikaribia kukomaa. Usiku mmoja tu, na chakula cha mwaka na karo vimeenda. Huku nyumbani, msumbufu ni tumbili.

3/ Hiyo ahadi si mpya. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 tayari inasema: kifo, shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu, milioni 3. Majeraha mengine, hadi milioni 2. Mazao, kwa bei ya soko.

4/ Lakini kuna mambo mawili hayasemwi jukwaani. Kwanza, hulipwa wanyama walioorodheshwa tu. Ndovu, nyati na kiboko wamo. Tumbili hayumo. Pili, kama hukuchukua hatua za kutosha kulinda shamba lako, sheria inasema hulipwi.

5/ Sasa, nani analipa? Katiba ya 2010 iliweka wanyamapori chini ya serikali ya kitaifa. Madai hupitia KWS na kamati ya fidia ya kaunti, kisha yanaenda Nairobi. Pesa hupitishwa na Bunge, na hukawia sana. Kwa hivyo gavana akikuahidi fidia, anaahidi mfuko ambao si wake.

6/ Kazi ya kaunti ni kilimo, na hapo kuna kinga. Majirani kulinda kwa zamu na kuwaona ndovu mapema, kabla hawajaingia. Uzio wa mizinga ya nyuki, kama ule wa Sagalla, Taita Taveta: ndovu huogopa nyuki, na asali unauza. Chai pia hawaipendi, ila hupiki ugali wa chai.

7/ Basi ukipewa maiki, uliza hivi. Mbunge: bajeti ya fidia ni ngapi, na madai ya zamani yatalipwa lini? Gavana: mizinga mingapi, vijiji gani, mwaka gani? Wote wawili: na sisi wa tumbili je?