Deraya ya Polisi: Jina na Mipaka Yake

Msomaji wa tenzi za vita anaifahamu deraya, vazi la chuma la kumkinga shujaa. Mrithi wake leo ni fulana ya askari polisi, ambayo wengi huiita "isiyopenya risasi". Makala haya yanashikilia kwamba jina hilo hupotosha, na upotoshaji huo waweza kugharimu uhai.

Fulana laini hufumwa kwa nyuzi imara zinazoinasa risasi na kuitawanya nguvu yake. Huweza kuzuia risasi ya bastola. Ile ya AK-47 huhitaji bamba la kauri au la chuma. Hata risasi inapozuiwa, kishindo chake huweza kuvunja mbavu na kujeruhi mapafu pasi na tone la damu kuonekana. Aidha, shingo, kwapa, kinena na mapaja hubaki wazi. Mshipa mkubwa ukikatwa hapo, askari hufa kwa dakika chache.

Huku kwetu Pwani hatari haitokani na risasi pekee. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, polisi kadhaa waliuawa walipovamiwa Mombasa na Kilifi, na panga zilikuwa miongoni mwa silaha. Ncha kali ya kisu au mshale huweza kupenya nyuzi zilizokusudiwa kuzuia risasi.

Kwa hiyo, tulirejeshe neno deraya. Hilo hutaja kinga bila kuahidi usalama kamili. Naye askari aliyepigwa risasi juu ya deraya afikishwe hospitalini, hata akisema hajaumia.